Kusoma Kichina na ukaelewa: mwongozo kamili wa kukata sentensi, hatua kwa hatua

Kuna watu wamekariri hanzi kibao, ukiwaonyesha moja moja wanakutajia bila kusita, lakini wape ujumbe wa mistari mitatu wa WeChat (app ya kuchati ya Wachina) wanabaki wanautolea macho. Halafu kuna jamaa wa Kariakoo hajawahi kukaa darasa la Kichina hata siku moja, hanzi anazozijua ni za kuhesabika, ila ukurasa wa bidhaa kwenye 1688 (soko la jumla la mtandaoni la China) anaushusha mpaka chini na anajua bei ni ya jumla au rejareja, mzigo upo stoo au ndo unaenda kutengenezwa, na ukija mbovu atarudisha au imekula kwake. Huyo wa pili anajua kukata. Anaona mstari mrefu usio na nafasi na anajua neno linaanzia wapi na kuishia wapi, na anajua ni neno gani linabeba sentensi. Mwongozo huu ni wa hicho kitu. Hanzi zenyewe utazikariri kwa wakati wako (hakuna njia ya mkato, wanaouza njia ya mkato wanauza tu), hapa tunaongelea jinsi ya kusoma.

Hanzi ni hizo herufi za Kichina, nitaziita hivyo mpaka mwisho. Pinyin ni ile namna rasmi ya kuandika matamshi kwa herufi za kilatini, China wanayo tangu 1958. Natumia hanzi zilizorahisishwa, zile za China bara, za Taiwan na Hong Kong nitazigusa kidogo.

HATUA YA 1: Acha kuziona kama picha

Hii dhana ya kwamba Kichina ni michoro ndo inawachosha wengi. Zipo hanzi chache kweli zilizotokana na picha, 木 mti, 山 mlima, 口 mdomo, lakini nyingi sana, zaidi ya asilimia 80, zimeundwa kwa vipande viwili: kimoja kinadokeza maana, kingine kinadokeza sauti. Na hili sio jambo jipya, msomi Xu Shen mwaka 100 BK hivi alipanga hanzi zaidi ya 9,000 kwenye kamusi yake kwa kufuata vipande 540, kamusi ya Kangxi ya 1716 ikatumia 214, na hivyo 214 ndo bado unavikuta kwenye kamusi nyingi mpaka leo. Huhitaji vyote. Vipande arobaini hamsini vya mwanzo vinakutosha kutembea navyo.

Anza na hivi. 氵 ni maji: 河 mto, 海 bahari, 洗 kuosha, 油 mafuta, 酒 pombe. 讠 ni maneno: 说 kusema, 语 lugha, 课 somo. 扌 ni mkono: 打 kupiga, 找 kutafuta, 推 sukuma na 拉 vuta (hizi mbili zimebandikwa kwenye milango ya maduka China nzima, zijue mapema usije ukagombana na mlango wa vioo mbele za watu). 钅 ni chuma: 铁 chuma chenyewe, 铜 shaba, 锅 sufuria, 锁 kufuli, na 钱 pesa, kwa sababu sarafu zilikuwa za chuma. 疒 ni ugonjwa: 病 ugonjwa, 疼 maumivu, 癌 kansa, 疟疾 malaria. Kwa hiyo ukishika kikaratasi cha dawa na hanzi huijui lakini ina 疒, tayari unajua inaongelea kuumwa, na hicho kinatosha kukufanya uendelee na sentensi badala ya kusimama.

Upande wa sauti angalia familia ya 青 qīng. Ukiweka maji inakuwa 清 qīng, safi, angavu. Maneno, 请 qǐng, tafadhali, kuomba. Moyo, 情 qíng, hisia. Jua, 晴 qíng, anga limetakata. Jicho, 睛 jīng, jicho. Unaona, sauti inazunguka palepale. Ila usiiamini asilimia mia, matamshi yamebadilika kwa karne nyingi na vipande vimebaki vilevile, ndo maana 江 jiāng, mto mkubwa, na 红 hóng, nyekundu, zote zina 工 gōng na ukizitamka hazifanani kabisa. Chukua kipande cha sauti kama fununu, ukithibitisha kwenye kamusi inakaa kichwani haraka zaidi.

Swali linalokuja kila mara: mimi nataka kusoma tu, sitaki kuongea, nijifunze matamshi ya nini? Jifunze. Hata Mchina mwenyewe akisoma kimyakimya sauti inaamka kichwani, sio kwamba macho yanaruka moja kwa moja kwenye maana. Pia watu wanachapa kwa pinyin halafu wanachagua hanzi kwenye orodha inayotokea, kwa hiyo makosa ya kuchapa ya Wachina ni ya sauti: wanaandika 在 mahali pa 再 (zote zài), 做 mahali pa 作 (zote zuò). Ukikuta sentensi kwenye chati haileti maana, isome kwa sauti, mara nyingi sikio linaikamata wakati macho yameshindwa.

HATUA YA 2: Hesabu maneno, sio hanzi

Orodha ya hanzi za kawaida iliyotolewa China 1988 ina hanzi 2,500 za matumizi ya juu na 1,000 za ziada, na hizo 2,500 peke yake zinafunika karibu asilimia 98 ya maandishi ya kawaida. Mtoto wa shule kule, kwa mtaala wa 2011, alitakiwa atambue kama 1,600 akimaliza darasa la pili na kama 3,500 akimaliza darasa la tisa. Watu wakisikia hivyo wanasema aaah, 2,500 tu, nakariri kumi kwa siku, mwaka haujaisha nasoma magazeti. Haiendi hivyo. Mfumo wa 2021 wa HSK, ule mtihani wa Kichina kwa wageni, ulitaka hanzi 3,000 kwa ngazi zote tisa, lakini maneno 11,092. Ona hiyo tofauti. Hanzi zinajumuika kutengeneza maneno na neno ndo linabeba maana.

Chukua 电, umeme. 电话 simu, 电脑 kompyuta, 电视 televisheni, 电影 filamu, 电梯 lifti, 电池 betri, 充电 kuchaji, 充电器 chaja, 停电 umeme umekatika. Hapo unafurahi kwa sababu ukiunganisha unapata maana. Sasa njoo huku: 东 ni mashariki, 西 ni magharibi, 东西 ni kitu, vitu. 马 farasi, 上 juu, 马上 sasa hivi. 小 ndogo, 心 moyo, 小心 kuwa mwangalifu. 开 kufungua, 水 maji, na 开水 ni maji yaliyochemka. Anayetafsiri hanzi moja moja anaishia na "farasi juu" na analaumu lugha ya watu.

Kwa hiyo kila hanzi mpya iandike na maneno mawili matatu inayokaa ndani yake, usiiandike peke yake. Na ukikuta mbili unazozijua zimekaa pamoja na maana haiingii, zitafute pamoja kama neno moja kabla hujafanya lolote.

HATUA YA 3: Kata

Hii ndo hatua yenyewe, tulia hapa. Kichina hakiachi nafasi kati ya maneno. Mfano maarufu ni 南京市长江大桥. Ukikata 南京市 / 长江 / 大桥 unapata Daraja Kubwa la Mto Yangtze la Jiji la Nanjing, daraja kweli lililofunguliwa 1968. Ukikata 南京 / 市长 / 江大桥 unapata Meya wa Nanjing, bwana Jiang Daqiao. Hanzi zilezile, mpangilio uleule, na hanzi 长 katikati hata matamshi inabadilisha, cháng kwenye jina la mto, zhǎng kwenye meya. Mfano mwingine 研究生命: 研究 / 生命 ni kuchunguza uhai, lakini jicho linavutwa na 研究生, mwanafunzi wa uzamili, halafu unabaki na 命 inaning'inia.

Mchina anafanyaje? Jicho likitua linachukua kama hanzi moja kushoto na mbili tatu kulia, dirisha dogo tu (msomaji wa Kiingereza anachukua herufi kumi na nne, kumi na tano kulia), lakini hanzi moja imejaa habari kwa hiyo haachwi nyuma. Watafiti waliwahi kuwawekea Wachina nafasi kati ya maneno waone kama watasoma haraka zaidi, wakakuta haiwasaidii wala haiwasumbui, lakini nafasi zikiwekwa mahali pasipo sahihi kasi inashuka. Yani vichwani mwao nafasi zipo. Wewe bado hazipo, kwa hiyo ziweke kwa kalamu, printi maandishi au yanakili kwenye daftari na uchore mstari mdogo kila neno linapoishia. Utajisikia kama mtoto wa chekechea lakini fanya.

Kanuni za kukata ninazoziamini ni hizi. Kwanza bahatisha mbilimbili, maana maneno mengi ya Kichina cha sasa ni ya hanzi mbili. Pili tumia hanzi ndogondogo za kazi kama uzio: 的 了 是 在 和 不 也 就 都 很 mara nyingi zinasimama peke yake na zinakuonyesha neno la kabla limeisha. Ila ziangalie, 是 imejificha ndani ya 但是 (lakini), na 不 ndani ya 不但 (sio tu). Tatu, ukikuta hanzi inaweza kufunga neno la nyuma na pia kufungua la mbele, kata njia zote mbili na uone ipi inaacha mabaki. Inayoacha hanzi inayoning'inia bila kazi mara nyingi ndo ya uongo. Nne, alama hii 、 sio koma ya kawaida, inatenganisha vitu vya orodha tu, kwa hiyo ukikuta 苹果、香蕉、橙子 (matofaa, ndizi, machungwa) mipaka ya maneno yote matatu umeshapewa bure. Koma ya kawaida, hii ,, Wachina wanaitumia kwa ukarimu sana, sentensi inaweza kukimbia koma tano kabla ya kufika nukta 。 na yote ikawa inaongelea mtu mmoja aliyetajwa mwanzoni, kwa hiyo usidhani kila koma imeleta mhusika mpya.

HATUA YA 4: Nomino iko nyuma, ifuate huko

Hapa ndo sisi Waswahili tunateseka zaidi. Kwetu kitu kinatajwa kwanza halafu sifa zake zinafuata: mtu aliyekuja jana, kitabu changu kikubwa cha zamani. Kichina kinageuza: sifa zote zinatangulia, kisha 的, kisha kitu chenyewe. 昨天来的人 ni jana + kuja + 的 + mtu, mtu aliyekuja jana. 我的书, kitabu changu. Fupi haina shida. Shida ni hii:

去年从坦桑尼亚来北京学习中文的学生

Ukienda nayo kutoka kushoto unasema mwaka jana, kutoka Tanzania, kuja Beijing, kusoma Kichina... unadhani umeshapata sentensi kamili, kumbe unakutana na 的 na yote uliyosoma yanageuka kuwa maelezo ya neno moja lililo mwisho, 学生: wanafunzi waliokuja Beijing mwaka jana kutoka Tanzania kusoma Kichina. Na sentensi ndo kwanza inaanza, kitenzi chake kikuu bado hujakiona.

Dawa yake: kabla hujasoma mstari mrefu, upige jicho utafute 的. Ukiiona ruka uangalie nomino iliyo baada yake, izungushie duara, halafu rudi nyuma usome maelezo ukijua tayari yanaeleza nini. Ukiwa na 的 mbili tatu, ya mwisho kabisa kabla ya kitenzi ndo kawaida inashika nomino kubwa.

Kuna msaada mwingine ambao sisi tumezaliwa nao. Kichina kina maneno ya kuhesabia yanayopanga vitu kwa aina, 条 kwa vitu virefu vinavyopinda kama suruali, barabara na samaki, 张 kwa vitu bapa kama karatasi, tiketi na kitanda, 本 kwa vitabu, 辆 kwa magari. Mzungu anaona mzigo, mtu aliyekulia kwenye ki-vi na li-ya haoni ajabu yoyote. Ukisoma 一辆去年才买的白色丰田汽车, lile 辆 mwanzoni limeshakuambia mwishoni kuna gari, na kweli ni gari moja jeupe la Toyota lililonunuliwa mwaka jana tu. Kwa hiyo ukiona namba au 这 (hii) au 那 (ile) pamoja na neno la kuhesabia, jiandae, nomino yake inakuja hata kama iko mbali.

Na wakati mwingine 的 inakutega kweli. 咬死猎人的狗 inaweza kuwa mbwa aliyemng'ata mwindaji akafa, au kumng'ata mpaka kumuua mbwa wa mwindaji. Hapo hata Mchina anahitaji sentensi ya pembeni ili ajue nani kafa, kwa hiyo usijilaumu.

HATUA YA 5: Nani, lini, na ndiyo au hapana

Kitenzi chetu kimoja kinakuambia kila kitu, "atakinunua", yeye, baadaye, kile kitu, yote humo. Kichina wanakupa 买 tu. Nani na lini vinatafutwa pembeni.

Lini: angalia neno la wakati, mara nyingi liko mwanzoni karibu na mtenda, 昨天 jana, 明天 kesho, 下个月 mwezi ujao. Halafu angalia 了 na 过. Wengi wanafundishwa 了 ni wakati uliopita, ikifika 明天吃了饭再走 wanachanganyikiwa, jana imeingiaje kwenye kesho? Mswahili hana sababu ya kuchanganyikiwa, iweke kwenye -sha- yetu na inakaa vizuri tu: kesho ukishakula ndo uondoke. Na 过 iweke kwenye "kuwahi": 我去过桑给巴尔, nimewahi kwenda Zanzibar. Haviendani kila mahali lakini kwa kusoma vinakuvusha mbali kuliko maelezo ya vitabu vingi vya kizungu.

Nani: Kichina kinaacha mtenda bila aibu. Mtu akikuandikia 到了吗? inaweza kuwa umefika? au mzigo umefika? Jibu liko kwenye ujumbe wa juu yake, kwa hiyo kwenye chati usisome ujumbe mmoja ukiwa umejitenga, panda juu kwanza. Na ukiona 被 mambo yamegeuka, aliyetajwa mwanzo ndo katendewa: 手机被偷了, simu imeibiwa.

Ndiyo au hapana: hapa watu wanapoteza pesa. Zijue hanzi zote za kukanusha, sio 不 (si) na 没 (haku-, hamna) peke yake. Kwenye maandishi rasmi na mabango utakutana na 无 bila, 未 bado haija, 非 si, 勿 usi, 禁止 marufuku. Na zijue pacha zinazofanana: 未 bado na 末 mwisho, mstari upi mrefu ndo tofauti yenyewe, 已 tayari na 己 nafsi, 买 kununua na 卖 kuuza, tofauti ni kofia tu hapo juu.

Sentensi ndefu zina jozi, ukiona nusu ya kwanza itafute ya pili: 虽然... 但是 ingawa... lakini, 因为... 所以 kwa sababu... ndo maana, 如果... 就 kama... basi. Hizi zinakupa mifupa ya sentensi hata kama nyama hujaielewa.

HATUA YA 6: Namba na punguzo

Wanahesabu kwa makumi elfu. 万 ni 10,000 na 亿 ni milioni 100. Kwa hiyo 3万 ni elfu thelathini, 25万 ni laki mbili na nusu, 14亿 ni bilioni moja na milioni mia nne. Usijaribu kutafsiri kichwani ukiwa na haraka, ongeza sifuri nne kwenye karatasi kwa 万 na nane kwa 亿.

Punguzo: 打8折 sio punguzo la asilimia 80, ni kwamba unalipa asilimia 80. 打2折 ndo ya kukimbilia. Na tarehe zinaanza na mwaka, 2024年5月3日, mwaka mwezi siku.

Sasa jaribu mstari wa kawaida kabisa wa ukurasa wa muuzaji:

厂家直销 现货批发 2件起批 48小时内发货 不支持7天无理由退货

厂家 / 直销 kiwanda kinauza moja kwa moja. 现货 / 批发 mzigo upo tayari, jumla. 2件 / 起批 bei ya jumla inaanzia pisi 2. 48小时 / 内 / 发货 unatumwa ndani ya saa 48, na hapa ujue 发货 ni mzigo kutoka mikononi mwa muuzaji, sio kufika Dar, usije ukaanza kumlaumu mtu siku ya tatu. Cha mwisho, 不支持 / 7天 / 无理由 / 退货: hawakubali kurudisha bidhaa bila sababu ndani ya siku 7. Jicho lenye haraka linaona 7天 na 退货 linafurahi, limepita juu ya 不 mwanzoni. Na muuzaji akikuanza na 亲, usishtuke, ni namna ya wauzaji wa mtandaoni kumwita mteja mpendwa.

HATUA YA 7: Majina yaliyovaa hanzi

Hakuna herufi kubwa, kwa hiyo jina la mtu au mji linakaa katikati ya sentensi bila alama yoyote na wewe unajaribu kutafsiri maana yake mpaka kichwa kinauma. Fununu ni hizi: hanzi kama 斯 尔 亚 尼 拉 姆 克 特 zikijazana mahali pamoja ujue ni sauti tu, isome kwa mdomo. 坦桑尼亚 Tǎnsāngníyà, 肯尼亚 Kěnníyà, 内罗毕 Nèiluóbì, 蒙巴萨 Méngbāsà, 达累斯萨拉姆 Dálèisīsàlāmǔ. Nukta katikati · ni jina la mgeni, 朱利叶斯·尼雷尔 ni Julius Nyerere. Jina la Mchina linaanza na ukoo na kawaida lina hanzi mbili au tatu.

Halafu wanafupisha. 北大 ni 北京大学, Chuo Kikuu cha Peking. 超市 ni 超级市场, supamaketi. 高铁 ni 高速铁路, treni ya mwendo kasi. Reli ya SGR ya Mombasa mpaka Nairobi, iliyoanza kubeba abiria 2017, wao wanaiita 蒙内铁路, hanzi ya kwanza ya kila mji halafu reli. TAZARA ni 坦赞铁路 kwa mtindo huohuo, Tan na Zam. Ukishajua huu mchezo habari za Afrika kwenye vyombo vya China zinafunguka ghafla.

HATUA YA 8: Kichina cha gazeti na ofisi

Kichina cha kuongea na cha kuandika rasmi vinatofautiana kuliko unavyodhani. Unaweza kupiga stori na dereva wa teksi saa nzima na ukashindwa barua ya benki. Hamna uchawi, kuna hanzi kama ishirini hivi za kukariri kama ubadilishaji: 与 na 及 ni 和 (na), 于 ni 在 (katika), 将 ni 会 (ita-), 为 mara nyingi ni 是 (ni), 该 ni 这 au 那 pale kinapotajwa kitu kilichokwisha kutajwa, 其 ni -ake, 均 ni 都 (wote), 仅 ni 只 (tu). Kichwa cha habari 坦桑尼亚总统将访华: 总统 rais, 将 ita-, 访 / 华 kutembelea / China. Rais wa Tanzania kuzuru China. Humo hakuna 中国, kuna 华 peke yake, kwa sababu kwenye kichwa cha habari neno la hanzi mbili linabanwa kuwa moja.

Methali za hanzi nne utakutana nazo, usizikate, zitafute nzima kwenye kamusi na uendelee.

HATUA YA 9: Kikao chenyewe cha kusoma

Chukua maandishi mafupi, hanzi mia moja mia mbili. Mzunguko wa kwanza soma bila kamusi kabisa, kata kwa kalamu, zungushia 的 na nomino zake, pigia mstari maneno ya wakati na ya kukanusha. Usiyoyajua yaruke. Mzunguko wa pili ndo ufungue kamusi, Pleco ni nzuri na unaweza kuchora hanzi kwa kidole kama hujui inavyosomwa, lakini tafuta yale tu yanayokuzuia kuelewa sentensi, hasa vitenzi. Mzunguko wa tatu soma kwa sauti bila kuangalia maelezo uliyoandika.

Tufanye mmoja:

我昨天在超市买的那个充电器已经坏了,老板说可以换,但是要带小票。

Kata: 我 / 昨天 / 在 / 超市 / 买 / 的 / 那个 / 充电器 / 已经 / 坏 / 了. Tumeona 的, tunaruka: 那个充电器, ile chaja. Rudi nyuma: niliyonunua jana supamaketi. Mpaka hapo bado hujasoma chochote kilichotokea, umepewa mhusika tu. Kilichotokea ni 已经坏了, imeshaharibika, -sha- hiyo tena. Koma. 老板 / 说 / 可以 / 换, mwenye duka amesema inaweza kubadilishwa, na hajasema nini kinabadilishwa kwa sababu chaja bado inaendelea kutoka mwanzo. 但是 / 要 / 带 / 小票, lakini lazima uje na risiti. Aliyesoma hanzi moja moja hapo mwisho kaona "tiketi ndogo" na anajiuliza safari gani.

Kuhusu kutumia kamera ya simu kutafsiri: kwa menyu na bango sawa, uko njaa, tumia. Kwa kujifunza inakuua, maana inakukatia yenyewe na kukata ndo misuli unayotafuta. Walau nakili maandishi uone hanzi, tafsiri iangalie mwisho kabisa kama kukagua.

Hanzi za zamani ambazo hazijarahisishwa, za Taiwan, Hong Kong na Wachina wengi wa ughaibuni, usizianze sambamba. China ilirahisisha rasmi 1956 na kuongeza orodha 1964, na mabadiliko mengi yana mtindo mmoja: 車 ikawa 车, 門 ikawa 门, 學 ikawa 学, 買 na 賣 zikawa 买 na 卖. Ukishakuwa na elfu mbili za upande mmoja huo mwingine unauzoea kwa kusoma tu.

Mpangilio wa vitu vya kusoma ninaoupendekeza: mabango na menyu, halafu chati za WeChat, halafu kurasa za bidhaa, halafu hadithi fupi zilizoandikwa kwa wanaojifunza, halafu vichwa vya habari, halafu habari nzima, na riwaya mwisho. Maandishi ya mafundisho yawe ambayo unayajua maneno mengi sana tayari, kila hanzi hamsini ukikwama mara moja hapo ni sawa, ukikwama mara tano sita shuka ngazi moja. Mwanafunzi mwenye taasisi ya Confucius (kituo cha China cha kufundisha Kichina) karibu, ya Chuo Kikuu cha Nairobi (iliyoanza 2005, ya kwanza Afrika), ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Dodoma, aulizie maktaba yao hizo hadithi za ngazi, huwa wengi wanakimbilia vitabu vya mtihani na rafu ya hadithi inabaki na vumbi.